AJALI HAINA KINGA, LAKINI MLIMA UNA DALILI

Ndugu Wanachama, na wafanya kazi wenzangu wote,

Nawaandikieni kutoka kwetu Ndanai, ambako nimekuja likizo, na ninapoandika mvua inapiga mabati hata sijisikii. Tangu saa sita mchana mawingu yalikuwa yakipanda kutoka upande wa Ziwa, meupe kwanza, kisha ya kijivu, kisha meusi chini kama sufuria. Saa tisa ngurumo zikaanza. Saa tisa na nusu nikawaona akina mama wachuma majani wakirudi mbio, vikapu mgongoni, mvua ya mawe ikiwapiga vichwani, na radi ikianguka ng'ambo ya bonde. Nikamwuliza mmoja, ambaye ni shangazi yangu: "Shangazi, mbona hamkuondoka mapema? Hata mtoto aliona mawingu yale." Akanijibu: "Mwanangu, mawingu tuliyaona. Lakini majani hayajapimwa, na asiyepima halipwi."

Basi nikachukua kalamu. Maana jibu la shangazi yangu ni jibu letu sisi watu wa reli pia, na ni jibu la kila mtu atafutaye mkate wake kwenye mteremko wa mlima. Hatufi kwa kutojua. Twaona, twajua, na bado twaenda, kwa sababu aliyesimama hulala njaa. Neno langu leo ni moja tu, nami nitalisema waziwazi: onyo la hali ya hewa lisilompa mfanya kazi haki ya kusimama bila kukatwa mshahara si onyo. Ni karatasi.

NANI MSAFIRI WA MILIMANI?

Ukitaja wasafiri wa milimani, watu wengi hufikiri habari ya wageni wenye viatu vinene na fimbo za chuma, wapandao Kilimanjaro au Mlima Kenya kwa kupenda kwao. Hao wana haki yao, wala siwaonei wivu. Wana viongozi, wana mahema, na kukitokea hatari njia yao hufungwa. Mwezi wa Januari 2006 mawe yaliporomoka Kilimanjaro, mahali paitwapo Western Breach, yakawaua wageni watatu kutoka Marekani. Njia ile ilifungwa, ikakaguliwa, na ikapita zaidi ya mwaka kabla haijafunguliwa tena. Ndivyo ipasavyo.

Lakini nawaulizeni: njia ya mchuma majani ilifungwa lini? Njia ya gengi la reli chini ya mlima uliolowa ilifungwa lini? Mtoto wa shule avukaye mto kwa gogo, nani alimfungia? Sisi ndio wasafiri wakubwa wa milimani katika nchi hii. Twasafiri kila siku, alfajiri na jioni, bila hema na bila kiongozi, na mzigo wetu ni sururu na beleshi.

NCHI ZA THELUJI ZILIJIFUNZA NINI

Hapa kwetu theluji hatuijui, isipokuwa mvua ya mawe ya Kericho inapoyafunika majani ya chai yakawa meupe kwa nusu saa. Lakini yafaa tujue habari za nchi za theluji, kwa sababu huko mlima huporomoka kama huku, na watu wa huko wamejifunza kuusoma.

Kazi ya poromoko la theluji ni hivi. Theluji huanguka tabaka juu ya tabaka, kama mablanketi yaliyopangwa kitandani. Tabaka moja la chini likiwa dhaifu, na juu yake uzito ukaongezwa na theluji mpya, au na upepo, au na mvua, mablanketi ya juu huteleza yote kwa pamoja, wakati mwingine kwa hatua ya mtu mmoja tu. Miteremko ya hatari zaidi ni ile ya digrii 30 hadi 45. Iliyolala zaidi ya hapo theluji hutulia, na iliyosimama sana haiwezi kuishika theluji ikajilimbikiza. Aliyefukiwa ana dakika chache sana za kuokolewa, kama 10 au 15. Zikipita hizo, wengi hufukuliwa wamekwisha kufa.

Kwa hiyo Uswisi wana ofisi yao mjini Davos ambayo kazi yake ni theluji tu, na majira ya baridi hutoa tangazo lake kila jioni saa kumi na moja, ili mtu ajue kabla ya kulala kama kesho atakwenda au hatakwenda. Mwaka 1993 nchi za Ulaya zilikubaliana juu ya kipimo kimoja cha hatari, chenye viwango 5, tangu hatari ndogo hata hatari kubwa mno. Mkulima, dereva na mwenye kutembea kwa starehe, wote hukisoma kipimo kilekile.

Msidhani busara hiyo ilishuka kutoka mbinguni. Watu walikufa kwanza, na miongoni mwao walikuwamo watu wa reli kama sisi. Sikilizeni habari mbili za mwezi mmoja, Machi 1910.

Ya kwanza ni ya Wellington, stesheni ndogo ya reli ya Great Northern katika jimbo la Washington, Marekani. Treni mbili, moja ya abiria na moja ya barua, zilikwama pale karibu juma zima kwa wingi wa theluji. Zilisimama chini ya mteremko ambao miti yake ilikuwa imeungua kwa moto. Vibarua wa mabeleshi walidai nyongeza ya malipo, wakakataliwa, na wengi wakaondoka wakishuka mlima kwa miguu. Usiku wa Machi 1, mvua na radi zikaja juu ya theluji ile, mlima ukaachia, na treni zote mbili zikatupwa bondeni. Watu 96 walikufa. Baadaye mahakama ya juu ya jimbo lile ilisema kwamba yalikuwa mambo ya Mungu, wala si kosa la kampuni. Na kampuni ilifanya nini? Ilibadili jina la stesheni, ikaiita Tye, ili abiria wasiogope kupita. Jina lilibadilika, mlima ulibaki palepale.

Ya pili ni ya siku tatu baadaye, Machi 4, katika Rogers Pass, Kanada, kwenye reli ya Canadian Pacific. Poromoko la kwanza lilikuwa limeifunika njia. Kampuni ikaleta gengi usiku kulichimbua. Mabonde ya milima yana pande mbili, nao walikuwa wakiutazama upande ule uliokwisha kuanguka. Poromoko la pili likatoka upande wa pili, likawafukia wakiwa na mabeleshi mikononi. Watu 58 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa vibarua wa Kijapani, watu waliotoka mbali kutafuta mshahara. Baadaye kampuni ilichimba njia ya chini kwa chini, iitwayo Connaught, iliyofunguliwa mwaka 1916, ili treni zipite ndani ya mlima badala ya chini ya theluji. Fedha za kuuchimba mlima zilipatikana. Zilipatikana baada ya maziko.

Ndugu, ishikeni sana habari hii ya pili, maana nitairudia.

KWETU HUANGUKA MATOPE

Mlima wetu hauna theluji, lakini una udongo, na udongo una maji. Ardhi yetu nyekundu ni nene na hunywa maji kama sponji. Mvua ya siku moja huinywa na kushukuru. Mvua ya juma zima huijaza, na maji yakijaa kati ya chembe za udongo huzisukuma zisishikane. Mahali ambapo miti imekatwa hakuna mizizi ya kushika. Mahali ambapo mlima umekatwa ili ipite barabara au reli, mguu wa mlima umeondolewa. Basi siku moja mvua ndogo tu yatosha, kama mtu mmoja anavyotosha kuanzisha theluji ya Uswisi. Tena kuna tofauti moja mbaya: theluji mara nyingi humpata aliyeifuata juu mlimani, lakini matope humfuata mtu kitandani kwake.

Machi 1, 2010, miaka 100 kamili baada ya Wellington, mteremko wa Mlima Elgon ulianguka juu ya kijiji cha Nametsi, wilaya ya Bududa, Uganda, na mamia ya watu wakafukiwa. Mwezi wa Novemba 2019 milima ya West Pokot iliporomoka usiku, na zaidi ya watu 40 wakafa. Usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, ikawa zamu ya Chesongoch, chini ya ukingo wa Marakwet, na zaidi ya watu 20 wakafa. Mahali pale palikuwa pameporomoka mwaka 2010 na tena mwaka 2020. Mlima ulikuwa umesema mara mbili.

Na Mai Mahiu, Aprili 29, 2024? Hiyo yatuhusu sisi watu wa reli kuliko wote. Kabla ya mapambazuko maji yalishuka kutoka upande wa Kijabe yakavifagia vijiji, na zaidi ya watu 45 wakapoteza maisha. Kwanza ilisemwa kwamba bwawa limepasuka. Kisha serikali ikaeleza kwamba halikuwa bwawa la kuchimbwa. Pale reli ya zamani ipitapo juu ya tuta, njia ya maji chini ya tuta iliziba kwa miti, mawe na matope. Maji yakasimama nyuma ya tuta kama ziwa, hata tuta likashindwa.

Mimi si jaji, wala sijui ni takataka kiasi gani zilishuka usiku mmoja. Lakini kila mtu aliyewahi kufanya kazi katika gengi ajua jambo hili: kalvati ina mwenyewe. Zamani kila maili chache za reli palikuwa na landi, na katika landi palikuwa na gengi, na kila siku mtu mmoja wa gengi alitembea njia yake akitazama mataruma, kokoto na kalvati. Mwaka 2006 reli ilipokodishwa kwa kampuni, maelfu ya watu walipunguzwa. Mkataba ule ulivunjwa mwaka 2017, lakini leo landi nyingi zimebaki kuta bila mabati. Mkipunguza macho, msistaajabu mkiwa vipofu. Mshahara wa mtu wa kutembea njia huonekana mkubwa kwenye karatasi ya hesabu. Upimeni basi na makaburi.

JAMBO LILILONIPATA

Sasa niseme langu. Jina la mwajiri na la mahali nayaacha, kwa kuwa shida hii si ya mwajiri mmoja, na ndugu niliokuwa nao bado wanatafuta kazi.

Tulikuwa watu wanane katika gengi, wanne wa kudumu na wanne vibarua. Mvua ilinyesha siku tano. Siku ya sita asubuhi tukaambiwa kuna matope juu ya njia, mahali reli ilipokatiwa mlimani, tukayaondoe kabla treni haijapita. Tukaenda na toroli. Tulipofika, mzee mmoja wa gengi letu, mtu aliyefanya kazi hii kabla sisi wengine hatujazaliwa, hakushuka. Alisimama akitazama juu. Kisha akatuonyesha mambo matatu. Ufa kama upana wa kiganja, juu ya mkato, ukifuata mteremko kama mshono wa nguo. Miti miwili ya mikalitusi iliyoinama kuelekea kwetu, ambayo juma lililopita ilikuwa imesimama wima. Na maji yakitoka chini ya ukuta wa udongo, mahali ambapo hapajawahi kuwa na chemchemi, tena maji mekundu.

Akasema: "Hii haijamaliza."

Nyapara wetu si mtu mbaya. Alipiga simu. Simu ikajibu kwamba treni ina ratiba, kwamba matope hayo ni ya saa mbili tu, na kwamba asiyetaka kazi arudi nyumbani na siku hiyo aihesabu kuwa haikufanywa. Sisi wanne wa kudumu tukatazamana. Wale vibarua wanne hawakumtazama mtu. Walichukua mabeleshi wakaingia. Nanyi mwajua kwa nini: kibarua hakatwi siku moja tu, hukatwa na kesho yake. Tulipoona wameingia tuliona haya, nasi tukaingia.

Hatukumaliza nusu saa. Mzee alikuwa amekataa kuchimba, akasimama kando kutazama, na ndiye aliyepiga kelele. Tukakimbia. Mlima ukashuka na mikalitusi yake yote miwili, ukafunika toroli, mabeleshi na mahali tuliposimama. Kibarua mmoja alishikwa mguu, tukamfukua kwa mikono. Leo anachechemea. Njia ilifungwa siku nyingi, kwa hiyo treni iliyokuwa na ratiba haikupita. Na mwisho wa mwezi yule mzee alikatwa siku ile moja, kwa sababu "alisimama akitazama".

Alisimama akitazama! Ndiye mtu mmoja tu aliyefanya kazi siku ile.

Mimi niliposoma habari ya Rogers Pass nilikaa kimya muda mrefu. Poromoko la kwanza, gengi kutumwa kulisafisha, poromoko la pili juu ya gengi. Ni zaidi ya miaka 100 sasa, na bara nyingine, na theluji badala ya matope, lakini amri ni ileile. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa na mzee.

MANENO YA KUTUFUMBA MACHO

Sasa nitawajibu wale wasemao, "Ajali haina kinga."

Methali hii naiheshimu, maana ni ya wazee, nao waliitumia kumfariji aliyefiwa. Lakini siku hizi imeingia ofisini ikavaa tai. Mtu akifa chini ya tuta ambalo halikukaguliwa, huandikwa: ajali. Mchuma majani akipigwa na radi saa kumi, baada ya saa nzima ya ngurumo, huandikwa: ajali. Wazee haohao walitupa na methali nyingine, kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mbona hiyo haiandikwi? Jambo lililotoa dalili siku tano si ajali tena.

Wengine husema, "Ni mapenzi ya Mungu." Mimi nimesoma shule ya misheni, na namcha Mungu. Padre alitufundisha habari ya wajenzi wawili, mmoja juu ya mwamba na mmoja juu ya mchanga, na mvua ikawajia wote wawili. Sikumsikia akisema kwamba aliyejenga juu ya mchanga hakuwa na kosa.

Wengine tena husema, "Mkipewa haki ya kusimama, kila wingu litakuwa likizo." Jibu langu ni hili. Mchuma majani hulipwa kwa kilo. Akisimama hupungukiwa yeye mwenyewe kwanza. Kibarua wa reli ana watoto wa shule. Shida yetu siyo kwamba twasimama upesi, shida ni kwamba tunachelewa mno kusimama, kwa kuogopa njaa. Tena hesabu ni rahisi: nusu siku ya watu wanane ni kitu gani mbele ya toroli iliyozikwa, njia iliyofungwa siku nyingi, na mguu wa kijana?

Na sheria je? Ipo, ndugu, wengi hatuijui. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema kwamba mfanya kazi aonaye hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na mpaka hatari iondolewe mwajiri asimlazimishe kurudi mahali pale. Yasema tena kwamba aliyeondoka kwa sababu ya haki asifukuzwe wala asiadhibiwe. Maneno mazuri sana. Lakini itazameni sheria hii kwa macho ya kibarua. Kibarua hafukuzwi, kesho haitwi tu. Na mzee wetu hakuadhibiwa. Siku yake iliandikwa tu kwamba haikufanywa kazi. Sheria imefunga mlango, lakini dirisha limebaki wazi, na kulifunga ni kazi ya chama, kwa mkataba ulioandikwa na kutiwa sahihi.

Na sisi wenyewe tuna ila, nisiifiche. Mtu akisema "tungoje" twamwita mwoga. Vijana huonyesha ushujaa kwa kukaa mvuani. Siku ile mimi mwenyewe niliingia chini ya mlima kwa kuona haya tu. Haya iliyoniua ningemlaumu nani?

MAMBO YA KUJUA KILA MTU

Kabla sijataja madai, someni dalili hizi, mkawasomee wasiojua kusoma.

Mlima uko karibu kuanguka ukiona: nyufa mpya juu ya mteremko au barabarani, miti, nguzo au ua ulioinama, maji yakitoka mahali pasipokuwa na chemchemi, mlango wa nyumba uliokuwa ukifunga vizuri sasa umekwama, mto kuwa mwekundu ghafula. Mto ukipungua ghafula wakati mvua inanyesha, usifurahi: huenda umezibwa huko juu, na utakuja wote mara moja. Ukisikia miti ikivunjika au mngurumo usiokwisha, usingoje kuona. Kimbia upande, utoke katika njia ya poromoko. Usikimbie kushuka nalo. Na poromoko la kwanza likisha anguka, ujue kwamba upande wa juu umebaki bila mguu.

Habari ya radi: hesabu tangu umeme umulike hata ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ikiwa hazifiki sekunde 30, tayari uko katika hatari. Weka jembe chini, toka kwenye reli, maana chuma husafirisha umeme, wala usijikinge chini ya mti au kibanda kisicho na kuta. Ingia nyumba kamili au gari lililofungwa. Usirudi kazini mpaka dakika 30 zimepita tangu ngurumo ya mwisho. Katika nchi ya chai mvua ya namna hii huja mara nyingi alasiri, kwa sababu pepo za Ziwa hukutana na pepo za upande wa mashariki juu ya milima yetu, na hewa hupanda. Siyo siri. Basi kazi ya mahali pa wazi yaweza kupangwa asubuhi.

TWATAKA NINI?

Nawaomba viongozi wa chama chetu wayapeleke mambo haya mezani, na wenzetu wa mashamba ya chai wafanye vivyo hivyo na waajiri wao:

1. Tangazo la Idara ya Hali ya Hewa lisomwe kila asubuhi watu wanapoitwa majina, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, siyo kubandikwa ofisini kwa Kiingereza.

2. Kila gengi na kila kundi la wachumaji lichague mtu mmoja mwenye kujua, ambaye neno lake "simameni" litatosha. Wote waliosimama kwa neno lake, wa kudumu na vibarua, walipwe siku nzima. Wenye kulipwa kwa kilo walipwe wastani wao.

3. Kibarua aliyesimama kwa hatari aitwe kazini kesho yake kama wengine. Jambo hili liandikwe katika mkataba kwa maneno hayohayo.

4. Mahali palipoporomoka pasiingiwe na gengi mpaka pande zote mbili za juu zimekaguliwa. Watu wakichimba, mmoja asimame na filimbi akitazama mlima, na hiyo ihesabiwe kuwa ni kazi.

5. Kipima mvua kiwekwe katika kila kituo. Ni chombo cha fedha kidogo sana. Mvua ya jana na ya juma zima iandikwe ubaoni, ili watu wajue udongo umekunywa kiasi gani.

6. Kalvati na mitaro yote isafishwe kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Oktoba, na watu wa kutembea njia warudishwe, wa kutosha.

Katika madai haya yote hakuna hata moja linaloomba mlima usianguke. Mlima utaanguka. Theluji ya Uswisi huanguka kila mwaka, lakini tangazo la jioni limewafundisha watu kutokuwa chini yake. Sisi twaomba hilo tu: kutokuwa chini yake, na kula jioni.

Nilipofika hapa mvua imekatika. Shangazi yangu amekuja kuota moto. Nguo zake zinatoa mvuke. Nimemsomea madai yote sita. La pili alinitaka nilisome mara mbili. Kisha akauliza: "Na huyo mtu wa kusema 'simameni', aweza kuwa mwanamke?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi andika jina langu."

Nami nimeliandika. Katika mkutano ujao wa tawi lenu, andikeni la kwenu.

Ni mimi mwanachama mwenzenu,
Mfanya kazi wa Reli, Ndanai.